Siku ya Fundi wa Sufu: Namna ya Kulitambua Boma Lililojiandaa

Ukitaka kujua kama kondoo watanyolewa vizuri, fika bomani kabla ya fundi. Kagua zizi, sakafu na matumbo ya kondoo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Katika kazi hii mwenyeji hupona akiwa amejiandaa.

Kondoo wekundu wa Kimaasai wana manyoya mafupi na hawamhitaji fundi wa kunyoa. Ila katika nyanda za juu za Kenya, pande za Molo, Kinangop na Ol Kalou, kuna wafugaji wa Merino na Corriedale, na sufu ya kondoo hawa haiachi kukua. Isiponyolewa walau mara moja kwa mwaka, mnyama huzidiwa na joto na uzito, na uchafu humganda nyuma. Mwenye kundi dogo humwita fundi anayezunguka shamba hadi shamba. Fundi huyo ana siku moja tu ya kukupa, na vipo vipimo vya kujua kama boma lako linaistahili.

Sufu kavu. Hiki ndicho kipimo cha kwanza, na hakina mjadala. Ingiza vidole ndani ya sufu begani na tumboni mpaka viguse ngozi. Vikitoka na unyevu, kazi isianze. Sufu mbichi ikishindiliwa kwenye gunia hupata joto, huota ukungu na kubadilika rangi. Kinangop ni nchi ya ukungu na umande, kwa hiyo kondoo walale chini ya paa usiku wa kuamkia siku ya kazi, wasije wakaloa alfajiri. Mvua ikiwanyeshea, mpigie fundi simu mapema aende shamba jingine. Huko ndiko kumheshimu.

Tumbo tupu. Kondoo anaponyolewa hukalishwa kwa matako na kugeuzwa huku na huku. Aliyeshiba hubanwa mapafu na tumbo lake mwenyewe. Huhema kwa shida, hurusha mateke, na anaweza hata kufa mikononi mwa fundi. Mfugaji makini huondoa malisho tangu jioni. Ukitaka kuhakikisha, tazama ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, liliko tumbo kuu la kucheulia: pawe pamebonyea. Majike wenye mimba kubwa wasikae na njaa muda mrefu, maana wanaweza kuugua. Wanyolewe mapema asubuhi kisha walishwe.

Sakafu na zizi. Sakafu bora ni ya mbao zilizofagiliwa, au turubai safi lililovutwa likanyooka. Nyasi kavu na maranda visiwepo, kwa kuwa hujisokota ndani ya sufu na kumtesa msokotaji. Hatari zaidi ni nyuzi za magunia ya plastiki na kamba za nailoni: hazishiki rangi kama sufu, na mara nyingi hugunduliwa nguo ikiwa imekwisha fumwa. Zizi la kusubiria liwe hatua chache kutoka mahali pa kunyolea, ili fundi asichoke kwa kukimbiza kondoo. Pawe na mwanga wa kutosha na kivuli, na kama mashine ni ya umeme, waya usipite njia ya mifugo. Maji ya kunywa ya fundi yawe karibu naye.

Mpangilio wa kundi. Hapa ndipo ujuzi wa mwenye boma unapoonekana. Weupe hutangulia wenye rangi, kwa sababu unywele mmoja mweusi hushusha thamani ya sufu nyeupe. Wadogo hutangulia wakubwa. Wenye majipu shingoni au begani huwa wa mwisho kabisa, kwa kuwa jipu likipasuliwa na makasi, ugonjwa huhamia kwa kila atakayefuata mwenye mkwaruzo. Sufu ya nyuma iliyoganda kinyesi iwe imekatwa siku kadhaa kabla. Tena mwambie fundi aoshe vifaa vyake kwa dawa kabla ya kuingia. Upele husafiri na makasi kutoka boma hadi boma, na fundi mzuri hatachukia kuambiwa.

Boma likishapita vipimo hivi, una haki ya kuikagua kazi ya fundi. Tazama mkono wake usioshika makasi. Godfrey Bowen wa New Zealand, aliyenyoa kondoo 456 kwa saa tisa mwaka 1953, alisifika kwa mtindo unaoutegemea sana mkono huo: huvuta ngozi ikanyooka mbele ya meno ya mashine, kwa sababu ngozi iliyokunjamana ndiyo inayokatwa. Kisha tazama sufu. Inapaswa kutoka ikiwa nzima na kutandazika kama shuka. Ukiona vipande vifupi vimetapakaa sakafuni, fundi amepita mahali pamoja mara mbili, na vipande hivyo huharibu uzi. Sufu ya tumbo, ya miguu na ya nyuma itengwe isichanganyike na ya mgongoni. Mwisho mkague kondoo: chuchu, ala ya uume na kano za miguu ya nyuma. Mkwaruzo mdogo unasameheka, bali upakwe dawa papo hapo. Kidonda kirefu ni dalili ya haraka, na hufungua mlango wa pepopunda.

Kazi haiishi fundi anapoondoka. Usiku wa nyanda za juu huwa baridi hata wakati wa kiangazi, na kondoo aliyevuliwa sufu akinyeshewa usiku wa kwanza anaweza kufa. Mpe paa, nyasi za kutosha na kinga ya upepo. Josho lisubiri majeraha yapone.

Mfugaji mwenzangu, malipo ya kichwa kimoja kimoja humfanya fundi akimbilie hesabu. Patana naye tangu asubuhi kwamba kondoo aliyetoka salama na sufu yake ikatoka nzima analipiwa zaidi kuliko aliyekatwakatwa. Nawe timiza upande wako: mlete kondoo mkavu, mwenye njaa na aliye safi. Bila hivyo huna haki ya kumlaumu fundi.