Rehani na Mavuno: Hisabu ya Kuikomboa Nyumba Kabla ya Muda

Mtu atiaye sahihi mkataba wa mkopo wa nyumba aghalabu hutazama mambo mawili, kiasi atakachopewa na kiasi atakachokatwa kila mwezi, na akiisha kuridhika kwamba kipato chake chaweza kuyahimili marejesho hayo, huuweka mkataba sandukuni na kungoja miaka ipite. Jambo la tatu, ambalo lina fedha nyingi kuliko hayo mawili, ni namna deni lenyewe linavyopungua, au lisivyopungua, tangu mwezi wa kwanza. Muradi wa makala haya ni kulichambua jambo hilo kwa hisabu, tukilitazama kutoka Ifakara na bonde la Kilombero, mahali ambapo fedha za watu wengi huja kwa msimu ilhali benki huhesabu kwa mwezi.

Mkopo wa nyumba wa muda mrefu una tarikhi fupi na yenye mkatiko katika Tanzania. Benki ya Nyumba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilianguka mwaka 1995, na kwa zaidi ya muongo mmoja baada ya hapo mwananchi aliyetaka nyumba hakuwa na njia illa ile ya kununua kiwanja, kufyatua tofali, kupandisha msingi mwaka huu na kuta mwaka ujao, na bati akalingojea mpaka Mungu ajaalie. Sheria ya mikopo ya rehani ya mwaka 2008, na kuundwa mwaka 2010 kwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya nyumba, ndivyo vilivyoufungua mlango upya. Hata hivyo riba imedumu kwa miaka mingi baina ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, na kwa riba ya kadiri hiyo, muda wa kulipa huwa na uzito kuliko bei ya nyumba yenyewe.

Katika bonde hili rehani ya benki si jambo la kila nyumba, maana benki hutaka hati, na ardhi kubwa ya bonde ni ya vijiji, ambako mwenye shamba huwa na hati ya hakimiliki ya kimila, kama zile zilizotolewa na Programu ya Kuwezesha Umilikishaji wa Ardhi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Wanaokopa kwa nyumba ni hasa wenye mishahara na viwanja vilivyopimwa mjini: muuguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mtumishi wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo asili yake ni maabara ya Mswisi Rudolf Geigy ya miaka ya 1950, mwalimu, mtumishi wa halmashauri, fundi wa kiwanda cha sukari kule Kidatu. Lakini wengi katika hao, fauka ya mshahara, wana ekari kadhaa za mpunga au miwa. Nao huu mchanganyiko wa mshahara mdogo wa kila mwezi na fungu kubwa la mara moja kwa mwaka ndio unaowapa nafasi ambayo mkazi wa mji usio na shamba hana.

Na tuchukue mkopo wa mfano. Mtu amekopa shilingi 40,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayohesabiwa kila mwezi juu ya salio lililobaki, kwa muda wa miaka 15. Marejesho yake yatakuwa shilingi 587,480 kila mwezi, na akilipa mpaka mwisho bila kuongeza wala kupunguza atakuwa ametoa takriban milioni 105.7, yaani riba peke yake milioni 65.7, ambayo ingeweza kujenga nyumba ya pili na kubakiza. Ajabu ya hisabu hii imo katika mwezi wa kwanza: katika zile shilingi 587,480, riba huchukua 533,333, na kinachobaki kupunguza deni la msingi ni 54,147 tu. Baada ya mwaka mzima, mkopaji akiwa amekwisha kutoa zaidi ya milioni saba, deni lake limeshuka kwa shilingi laki saba hivi. Marejesho ya mwanzo ni kama maji ya kwanza yanayoingia katika jaruba lililokauka: mengi hunywewa na ardhi kabla ya tone moja kusimama juu.

Kutokana na hayo huja kanuni ya kwanza, kwamba shilingi ya ziada inayolipwa moja kwa moja kwenye msingi hufuta riba yote ambayo ingezaliwa nayo mpaka mwisho wa mkataba, na kwa hiyo thamani yake hutegemea siku ilipolipwa. Mkopaji wetu akitoa milioni mbili za ziada mara moja tu, mwishoni mwa mwaka wa kwanza, huondoa marejesho ya miezi 26 katika mkia wa deni na kuokoa riba ya zaidi ya milioni 13. Akizitoa zilezile mwishoni mwa mwaka wa 10 huondoa miezi 7 na kuokoa milioni mbili na kidogo. Watu wengi hungoja wakae vizuri kwanza, watoto wamalize shule, mshahara upande, ndipo waanze kulikaba deni. Nao kwa kungoja hivyo huiacha miaka ambayo kila shilingi ilikuwa na nguvu, wakaja kupigana katika miaka ambayo vita imekwisha kupungua yenyewe.

Sasa tulete mavuno. Tuseme mtu huyu huuza mpunga wake kila mwaka na kupeleka benki shilingi milioni mbili juu ya marejesho yake ya kawaida. Deni lililoandikiwa miaka 15 litakwisha mwishoni mwa mwaka wa 8, na fungu la mwisho halitafika hata milioni mbili kamili. Jumla ya riba itashuka kutoka milioni 65.7 hadi takriban milioni 32, maana yake ni kuokoa zaidi ya milioni 33 kwa ziada isiyofika milioni 16. Akiweza milioni moja tu kwa mwaka, atamaliza katika miaka 10 na miezi 3 na kuokoa milioni 23 na ushei. Naye asiye na shamba, mwenye mshahara mtupu, akiongeza shilingi 50,000 kila mwezi tangu mwanzo, atamaliza katika miaka 11 na miezi mitano, akiokoa kama milioni 18 na nusu. Kila mmoja na kadiri yake, lakini hakuna kadiri iliyo ndogo hata isionekane katika hisabu.

Hapa hutokea swali ambalo mkulima wa Kilombero hulijua kuliko afisa wa benki: auze lini? Juni na Julai, mpunga unapomiminika kutoka Mngeta, Mlimba na Mang'ula, bei huwa chini, nayo kwa kawaida hupanda kadiri ghala zinavyopungua kuelekea masika. Mwenye deni hupimaje baina ya kuuza mapema akapunguza riba na kungoja akapata bei? Kwa riba ya asilimia 16, miezi sita ya kungoja hugharimu asilimia 8.3 hivi, kwa hiyo gunia ambalo lingeuzwa kwa shilingi 100,000 wakati wa mavuno halina budi kupata zaidi ya 108,300 mwezi wa Desemba ili kulipia riba tu, na juu ya hapo iongezwe kodi ya ghala, bei ya magunia, upungufu wa uzito mpunga unapokauka, na sehemu ya panya na fukusi. Bei ikitazamiwa kupanda kwa robo au zaidi, kungoja kuna faida hata kwa mwenye deni. Ikitazamiwa kupanda kwa moja ya kumi, auze na apeleke benki. Wala matazamio si ahadi: mwaka 2013, mchele wa nje uliporuhusiwa kuingia bila ushuru, bei iliporomoka, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa wameshikilia mpunga ghalani. Kwa sababu hiyo mwenye busara huugawa mzigo, nusu akaiuza mapema kwa ajili ya deni na nusu akaiweka kwa ajili ya bei, maana riba ina uhakika na soko halina.

Yapo masharti ambayo bila hayo hisabu yote hii huwa hewa. La kwanza ni aina ya riba. Yote tuliyoyasema yanahusu riba inayohesabiwa juu ya salio linalopungua. Ikiwa mkataba una riba ya mkupuo, inayopigwa mara moja juu ya mkopo wote na kugawanywa kwa miezi, kulipa mapema huweza kusiokoe kitu, illa mkopeshaji akubali kusamehe. Vivyo hivyo aliyechukua nyumba kwa murabaha, ambamo benki hununua na kumuuzia kwa bei iliyokwisha kukatwa, hupunguziwa kwa hiari ya benki na si kwa nguvu ya hisabu, na yampasa aulize kabla ya kutia sahihi.

La pili ni namna ziada inavyoandikwa vitabuni. Fedha iliyotiwa akaunti bila maelezo huweza kukaa tu ikingoja kukatwa kwa marejesho ya miezi ijayo, na msingi usiguswe hata kidogo. Kwa hiyo kila fungu lifuatane na barua inayotamka wazi kwamba ni malipo ya kupunguza deni la msingi, na kwamba marejesho ya mwezi yabaki palepale ili muda ndio ufupishwe. Benki ikipunguza marejesho badala ya muda, mkopaji atapata nafuu ya kila mwezi lakini atapoteza sehemu kubwa ya akiba aliyoikusudia. Baada ya barua aombe jedwali jipya la marejesho na kulilinganisha na la zamani, na asome katika mkataba kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati, maana ada hiyo huingia katika hisabu kama gharama nyingine yoyote.

La tatu, ambalo ndilo kiini cha maoni yangu, ni urefu wa mkataba wenyewe. Mtu anayejua kwamba anaweza kumaliza katika miaka 8 hushawishika kukopa kwa miaka 8, na marejesho yake yangekuwa shilingi 741,000 hivi kila mwezi, yaani 154,000 zaidi ya yale ya miaka 15. Kwa njia hiyo angelipa jumla ya milioni 71.2, ilhali yule wa miaka 15 anayeongeza mavuno hulipa milioni 72.2, tofauti ni milioni moja kwa miaka minane. Hiyo milioni moja ni bei ya uhuru. Katika masika ya 2024 mafuriko yaliingia Ifakara na mashamba ya bonde yakafunikwa. Mwaka kama huo mwenye mkataba mfupi hudaiwa 741,000 zilezile na akikosa huingia katika orodha ya wadaiwa sugu, hali mwenye mkataba mrefu huendelea na 587,480 zake na kuliacha fungu la mavuno mpaka mwaka ujao. Na adhabu yake? Akikosa fungu la mwaka wa tatu, mathalan, mwisho wa deni husogea kwa miezi minane tu. Basi mwenye kipato cha msimu na aandikishe muda mrefu, kisha kwa matendo yake aufanye mfupi.

Kwa hoja hiyohiyo si vema kila senti ikimbizwe benki. Fedha iliyokwisha kupunguza msingi hairudi mtoto anapougua wala mbegu inapohitajika Novemba. Akiba ya marejesho ya miezi mitatu au minne itangulie, ikikaa kwenye SACCOS au mahali pengine inapofikika upesi, na ndipo ziada ianze. Akiba hiyo huzaa riba ndogo kuliko riba ya deni, ni kweli, lakini kazi yake ni kuilinda nyumba isinadiwe, na kazi hiyo ina thamani yake.

Mwisho wa safari una karatasi zake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humpa aliyeweka rehani haki ya kuikomboa kwa kulipa deni lote kabla ardhi haijauzwa, lakini rehani iliyolipwa haijifuti yenyewe: mkopaji hana budi kuiomba benki hati ya kuifuta, kuhakikisha imeandikishwa kwa Msajili wa Hati, na kuichukua hati yake mkononi. Siku ya kulipa fungu la mwisho na aombe hesabu ya kumaliza deni iliyohesabiwa mpaka tarehe ileile, kwa kuwa riba hutembea kila siku na baki la shilingi elfu chache huweza kuiacha rehani hai katika daftari. Nyumba ambayo deni lake limekwisha lakini rehani yake haijafutwa ni vigumu kuiuza, kuirithisha kwa amani, au kuiweka dhamana tena. Aliyeokoa milioni 33 kwa subira ya miaka minane asione taabu kufunga safari moja zaidi hadi kwa msajili.