Insha moja, wasahihishaji wawili

Tuseme mwanafunzi wa sekondari Songea ameandika: "Mala baba akaludi kutoka shambani, mvua ikaanza." Nyumbani wanazungumza Kingoni. Mwalimu aliyekulia Ruvuma anazungushia duara zile l mbili, anakata kidogo, anaendelea na kisa. Mwenzake kutoka Tanga amekwama kwenye neno la kwanza, na kuanzia hapo kila kosa linamwongezea ukali. Wote ni waadilifu, na mwongozo wa usahihishaji ni mmoja. Lakini alama zao hazifanani.

Jambo hili lilipimwa Marekani mwaka 1961. Paul Diederich na wenzake wawili wa shirika la mitihani la Educational Testing Service waliwapa wasomaji 53 insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo. Wasomaji walitoka fani sita, wakiwemo walimu wa Kiingereza, wanasheria na wafanyabiashara, na kwa makusudi hawakupewa mwongozo. Kila mmoja alizigawa katika mafungu tisa kadiri alivyoona. Insha 101 zilipata kila daraja, 1 hadi 9. Hakuna hata moja iliyopata madaraja pungufu ya matano. Kazi nzuri zaidi ilikuja baadaye: walichunguza nani anakubaliana na nani, wakapata makundi matano. Kundi moja lilithamini mawazo, jingine lilitazama sarufi na tahajia, mengine mpangilio, msamiati na ladha ya uandishi.



Je, semina ya kuwafunza wasahihishaji haitoshi? Mtafiti Sara Weigle alilichunguza hilo katika utafiti wa mwaka 1998. Baada ya mafunzo, wasahihishaji wapya walipunguza ukali, na wengi wao wakawa na msimamo zaidi katika alama zao wenyewe. Tofauti ya ukali kati yao haikuisha.

Kwangu hiyo ni habari njema, kwa sababu ukali usioyumba unarekebishika. Kwenye mtihani wa utamilifu wa mkoa, changanyeni insha za shule zote kabla ya kugawana. Kisha pachikeni nakala za insha kumi zilezile katika kila bunda, bila kuzitia alama yoyote ya kuzitambulisha. Mwalimu ambaye wastani wake kwa hizo kumi uko chini ya wenzake kwa alama mbili, na pengo hilo linajirudia insha baada ya insha, bunda lake lote liongezewe mbili. Pengo likiyumba, bunda hilo lisahihishwe upya na mwingine.