Mkono Unaosoma Mpira

Mwenye gari la kale huanza na rangi. Kisha viti, kisha bampa ing'arishwe mpaka mtu ajione uso. Matairi huja mwisho, tena kwa kauli moja: "Nitafutie yoyote yanayoingia." Kauli hiyo humuudhi fundi mmoja wa Arusha ambaye nimekuwa nikimtazama kazini kwa miaka mingi. Yeye huuliza kwanza gari ni la mwaka gani, na kama rimu ni zilezile lililotoka nazo kiwandani.

Siku moja nilimkuta na Land Rover fupi ya miaka ya sitini, inayovaa matairi ya saizi 6.00-16. Mwenyewe alikuwa ameleta matairi manne yaliyolala stoo ya shamba, kashata, yaani meno ya tairi, zimesimama wima, hayajawahi kugusa barabara. Alijiona ameokota dhahabu. Fundi alilaza moja chini, akapitisha kidole gumba ubavuni, polepole, akaligandamiza kwa goti. Nyufa nyembamba zilizokuwa zimejificha zikafunguka. Akapangusa vumbi kutafuta tarehe. Tairi lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000 huwa na tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Haya yalikuwa na tatu tu.

"Mzee, haya yameshakufa," alisema. "Kashata nzima, mpira umekufa."

Mzee alibembeleza, akaongeza dau. Fundi alikataa kuyafunga, na fedha ya siku hiyo ikaenda zake.

Kukataa huko ndiko ninakokusifu. Mpira huzeeka hata usipotembea. Hewa na jua huula kimyakimya, na kina cha kashata hakisemi lolote juu ya uhai wake. Gari zima hushika ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia upana wa kiganja. Breki iliyofufuliwa kwa gharama kubwa na usukani ulionyooshwa vyote hufanya kazi kupitia hapo. Fundi huyu anajua kuwa rimu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya tairi la tyubu, hivyo hakubali kuzijaza upepo bila tyubu. Anajua pia kuwa tairi la zamani la nyuzi zilizopishana halishiki kona sawa na rediali, ile ambayo Michelin waliisajili mwaka 1946, na hawezi kuyachanganya kwenye ekseli moja hata umlipe mara mbili. Elimu hiyo aliipata kwa kuinama, mwaka baada ya mwaka.

Zamani asingekuwa peke yake. Muheza na Kilombero kulikuwa na mashamba ya mpira, na hapo hapo Arusha kulikuwa na General Tyre, kiwanda kilichovalisha malori na Land Rover za nchi nzima hadi kilipozimwa mwaka 2009. Nairobi kulikuwa na Firestone, iliyokuja kuwa Sameer Africa, nayo ikaacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Sasa anayetaka saizi ya gari la babu yake lazima aagize ng'ambo, kwa watu kama Coker Tire wa Chattanooga, Marekani, ambao wameifanya biashara hii kuwa kazi yao. Wamarekani wameona tairi la kale linastahili kutengenezwa upya. Sisi, tuliokuwa na mti na kiwanda, tunanunua mitumba, au tunampa kijana kisu achonge kashata mpya kwenye kipara, kisha tunapanda na watoto.

Tairi lililokufa lina heshima yake: likatwe katambuga, limtembeze mtu miaka mingine. Kulirudisha barabarani ni kulitukana, na ni kumtukana aliyelitengeneza.

Fundi wangu hana mwanafunzi. Vijana wanaokuja hujifunza mashine ya kufungulia, wakaondoka kabla kidole gumba hakijaelewa kitu. Wenye magari nao hawauliziani fundi gani husema hapana. Huuliziana nani ana bei nafuu. Mashamba yalipoachwa hatukulia, na kiwanda kilipofungwa tulilalamika tukazoea. Mkono huu ukipotea, hatutakuwa na wa kutuambia kuwa tumepanda juu ya mpira uliokufa, na tutayaita ya Mungu mambo tuliyoyataka wenyewe.