Nukta Isiyohama

Ukitaka kumjua fundi wa michoro ya kompyuta, usimwombe akuoneshe mchoro. Zungusha gurudumu la kipanya juu yake, uone nini kinahama. Kwa mzembe, ncha uliyokuwa ukiitazama hukimbilia pembeni, ukabaki kuisaka kama sindano iliyoanguka mkekani. Kwa hodari, nukta iliyo chini ya kishale haitikisiki. Vingine vyote ndivyo vinavyotanuka kuizunguka.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Mhimili unaanzia 200 hadi 600, kishale kipo kwenye 300, nasi tunakuza mara mbili. Kushoto kuna hatua 100, kulia 300. Kata kila upande nusu, mipaka inakuwa 250 na 450. Mwanzoni 300 ilikuwa robo ya njia. Bado ni robo.

Kazi ngumu inakuja baadaye. Katika IDL, lugha ya programu waliyoizoea wanaastronomia, mstari wa data ni kitu (object), kila mhimili ni kitu, na hata fremu ya kutazamia ni kitu. Kishawishi kipo kwenye fremu: ukipunguza upana wa VIEWPLANE_RECT, mstatili wake wa kutazamia, vyote vinakua kwa mkupuo, na mihimili yenyewe inatoka nje ya picha. Unaona mlima, hujui urefu wake. Huo kwangu ni uvivu.

Njia ya heshima ni kuupa mstari na mhimili wake mipaka mipya, kisha XCOORD_CONV, namba mbili: ya kusogeza na ya kuzidisha. Kwa mipaka yetu ya 250 na 450 ni -1.25 na 0.005. Mstari na mhimili lazima vipewe namba zilezile. Ukisahau kimoja, mchoro utadanganya kwa upole, bila ujumbe wowote wa kosa. Mhimili nao hupenda kujisogeza hadi namba iliyo rahisi kusomeka, mpaka uuamrishe EXACT.

Data haijaguswa hata tone. Hilo ndilo ninalolipenda.

Watumiaji, bila shaka, wataburuta kisanduku cha kuchagua sehemu ya kukuza kutoka kulia kwenda kushoto, au watabofya bila kuburuta, upana uwe sifuri na programu igawe kwa sifuri. Panga mipaka kwanza, kataa kisanduku chembamba. Na mipaka ya awali itunze pembeni kama ilivyo. Usijaribu kuirudia kwa kuzidisha ulichogawa: desimali za kompyuta humomonyoka kidogokidogo, na 200 inaweza kurudi ikiwa 199.9999.