"Kasi" ya Diski: Istilahi Inayopotosha

Katika tafsiri moja ya mwongozo wa kiini cha Linux iliyotufikia ili tuikague, tumekuta sentensi hii: "Washa kasi kubwa ya diski kuu." Kisarufi haina kosa. Kimaana inapotosha, na upotofu huo waweza kumpotezea msomaji mafaili yake yote.

Neno "kasi" humfanya msomaji adhani kuwa diski itazunguka upesi zaidi. Sivyo. Kinachobadilika ni namna data zinavyochukuliwa. Katika namna ya zamani, kichakataji chenyewe hubeba data kidogo kidogo, mithili ya mwenye duka anayejitwika magunia yake; diski za kawaida hazikuvuka megabaiti 16.7 kwa sekunde. Katika namna ya pili, kidhibiti hupeleka data kwenye kumbukumbu moja kwa moja, kama hamali, naye mwenye duka akaendelea na hesabu zake. Hapo viwango vilipanda hadi 33, na hatimaye 133.

Dhana ikieleweka hivyo, hatari nayo huonekana. Hamali asiyeafikiana na mwenye duka huweka mzigo mahali sipo. Kiini, kidhibiti, diski na hata waya sharti viafikiane: viwango vilivyozidi 33 vilihitaji waya wenye nyuzi 80 badala ya 40. Aliyelazimisha namna isiyofaa kwa amri ya hdparm aliweza kuharibu data. Mwongozo wa asili umeonya kwa ukali. Mfasiri ameridhika na "kuwa mwangalifu".

Huenda ikasemwa kuwa suala hili limepitwa na wakati, kwani viendeshi vya zamani viliondolewa katika toleo 5.14 la mwaka 2021, na kiini sasa hujichagulia namna, hata kuishusha makosa yakizidi. Hoja hiyo haitutoshi. Karani mwenye mashine kuukuu bado hutegemea maneno ya mfasiri.

Kwa hiyo twapendekeza "namna ya uchukuzi" iwe istilahi ya jumla, chini yake "uchukuzi wa kichakataji" na "uchukuzi wa moja kwa moja". "Kasi" ibaki kuwa jina la kipimo tu. Sentensi ile ingesomeka: "Nakili mafaili kwanza, hakikisha kidhibiti na waya vinaafiki, kisha ruhusu uchukuzi wa moja kwa moja."

Twawaomba wafasiri na walimu watupe maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifishwa.