Nyundo Kutoka Turin

Huko Nkubu, Meru, na Kyeni, Embu, jina Consolata hutajwa kila siku, na wengi wanaolisikia huwaza hospitali au masista. Asili yake ni jengo: basilika ya Bikira Maria Mfariji mjini Turin, kaskazini mwa Italia. Ubora wa basilika hiyo uliwafikia watu wa Meru na Embu kupitia mikono ya mafundi.

Haikujengwa kwa mkupuo mmoja. Ubavuni mwake yamesalia magofu ya mnara wa ukuta wa Warumi, na mnara wake wa kengele, uliojengwa kwa matofali, umelitangulia kanisa la sasa kwa karne kadhaa. Mwaka 1678, Guarino Guarini, padre aliyekuwa pia mwanahisabati, alianza kulisuka upya. Akaunganisha ukumbi wa umbo la yai na patakatifu pa pande sita, hivi kwamba anayeingia hugeuka, na nafasi humfungukia kwa namna nyingine kabisa kabla hajaifikia altare. Karne ya 18 Filippo Juvarra aliongeza altare kuu, na kati ya 1899 na 1904 Carlo Ceppi akalipanua kwa vikanisa vya pembeni.

Pamoja na marumaru na dhahabu yake yote, ndani ya kanisa zimo picha ndogo za shukrani zilizoletwa na watu waliopona: mgonjwa kitandani, mtu aliyeanguka kutoka juu, askari aliyerudi salama vitani. Nyingi hazikuchorwa na wasanii wenye majina, lakini zimetundikwa chini ya paa lile lile, na ndizo zinazolifanya kanisa kuwa la wenyeji wake.

Msimamizi wa kanisa hilo tangu 1880 alikuwa Padre Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2024. Kazi ya Ceppi ikiwa bado inaendelea, mwaka 1901 alianzisha shirika la Wamisionari wa Consolata. Mwaka uliofuata wanne wa kwanza walifika Tuthu, kwa chifu Karuri wa Gakure, katika Murang'a ya leo: mapadre wawili na mabruda wawili. Mwaka 1911 shirika liliingia Meru. Meru ikawa jimbo kamili mwaka 1953, na Embu ikamegwa kutoka kwake mwaka 1986.

Hakuna aliyejaribu kunakili Turin chini ya Mlima Kenya. Kilichokuja ni ufundi, na ufundi wa jiwe hauna njia ya mkato. Jiwe huchongwa kwa tindo na nyundo mpaka uso ulale sawa. Pembe hutangulia, uzi hunyooshwa kutoka kona hadi kona, timazi huonyesha wima na pima maji huonyesha ulalo. Kila kiungo cha mstari wa juu hukwepa kiungo cha chini, la sivyo ufa hupata njia. Kuba la basilika ya Turin linasimama kwa sheria hiyo hiyo: uzito lazima ushuke salama hadi ardhini. Kijana aliyejifunza kujenga kanisa la misheni aliweza kujenga shule, zahanati na nyumba ya mamake.

Aliyeudhihirisha ufundi huo kuliko wengi ni Bruda Giuseppe Argese, ambaye Wameru walimwita Mukiri, mtu asiye na maneno mengi. Huko Tuuru, Meru, watoto wa kituo cha waliolemazwa na polio walihitaji maji. Argese aliukabili msitu wa Nyambene, ambao miti yake hunasa ukungu na kuudondosha ardhini, akayakusanya maji hayo na kuyashusha kwa mabomba hadi kwa wakazi wa nyanda kavu za chini. Mradi ulioanzia kwa watoto wa kituo kimoja uliishia kunywesha maelfu kwa maelfu ya watu.

Majina ya Guarini, Juvarra na Ceppi yameandikwa vitabuni. Kwenye jiwe la msingi la kanisa la kijijini kwa kawaida husomwa jina la askofu na tarehe. Aliyelichonga jiwe lenyewe hatajwi. Wazee waliobeba nyundo hizo, au watoto wao, bado wapo vijijini Igoji, Mujwa na Kyeni. Parokia zina madaftari ya ubatizo na ndoa yaliyotunzwa vizuri. Daftari moja zaidi, la mafundi, lingeweza kuanzishwa mwaka huu, Jumapili moja baada ya Misa, kwa kuwauliza waumini nani alijenga ukuta gani.