Matumaini kwa lugha ya nani? Bendi ya Kabul Dreams na siasa za lugha

Vyombo vingi vya habari vya Magharibi vilipoiandika bendi ya Kabul Dreams ya Afghanistan, vilisifu ujasiri wake. Vijana watatu kupiga muziki wa roki katika mji ambako Taliban waliuharamisha muziki tangu 1996 hadi 2001 si jambo dogo. Nakubali. Ila kwa jicho la mwanaisimujamii, naona suala zito zaidi: lugha.

Bendi hii iliundwa mwaka 2008. Mwimbaji wake, Sulyman Qardash, ni msemaji wa Kiuzbeki. Siddique Ahmed, mpiga gita la besi, ni wa Kipashto. Naye Mujtaba Habibi, mpiga ngoma, ni wa Kidari. Vita viliwatawanya wangali wadogo, mmoja Uzbekistan, mwingine Pakistan, wa tatu Iran. Walipokutana Kabul wakaamua kuimba kwa Kiingereza.

Mwacha asili ni mtumwa, twasema. Lakini je, asili zikiwa tatu, tena zinatazamana kwa jicho la shaka? Mwaka uo huo wa 2008, wanahabari wa runinga ya taifa mkoani Balkh waliadhibiwa kwa kutumia maneno ya Kidari kama daneshgah, yaani chuo kikuu, badala ya pohantun la Kipashto. Neno tu, jamani! Mahali kama hapo, kuchagua lugha ya kuimbia ni kuchagua upande, utake usitake. Kiingereza kiliwapa vijana hawa uwanja usio na mwenyewe. Kwangu mimi, matumaini waliyoleta yamo humo: wana wa jamii tatu jukwaani pamoja, pasi na mmoja kummeza mwenziwe.

Hata hivyo, mhakiki hasifu tu. Kiingereza chenyewe hakikuwa na mikono mitupu. Kilikuwa lugha ya majeshi ya kigeni na ya balozi. Vijana waliosoma walikifahamu; mkulima wa Helmand aliambulia mlio wa gita basi. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2013, inaitwa Plastic Words, yaani maneno ya plastiki. Nasoma kinaya katika jina hilo: lugha ya kuazima hung'aa, ila haioti mizizi upesi. Ndiyo maana nauthamini zaidi wimbo wao wenye jina la Kidari, Sadae Man, yaani 'Sauti Yangu'.

Baadaye bendi ilihamia Marekani. Agosti 2021 Taliban wakarejea Kabul, na muziki ukanyamazishwa tena. Gita laweza kuvunjwa na redio kuzimwa. Kinachosalia ni wimbo ambao mama anaweza kuuimba kimyakimya jikoni, mtoto akaudaka. Kwa Kiingereza, mama wangapi wa Afghanistan wataweza? Kabul Dreams walionyesha kwamba Waafghani wanaweza kuimba pamoja. Kazi iliyobaki ni kuimba pamoja kwa Kiuzbeki, Kipashto na Kidari, pasi na yeyote kuadhibiwa kwa neno.